Ranchi ya Kumpeleka Baba

Tunduma hakuna farasi. Kuna malori, ndugu msomaji, malori ya kwenda Zambia na Kongo yaliyopanga foleni usiku na mchana. Kuna bajaji, bodaboda na mikokoteni ya kusukuma kwa mikono. Kuna punda mmoja mmoja. Farasi, hakuna. Mtoto wa Tunduma anamjua farasi kwa kalenda ya ukutani na kwa sinema. Kwa hiyo nilipowaambia wenzangu ofisini kwamba likizo yangu nitaitumia kutafuta mahali pa kupanda farasi, karani mmoja alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Farasi? Wewe mtoto wa Mbozi? Au umeolewa na Mzungu hujatuambia?"

Sikumlaumu. Sheria ya kazi inatupa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini mtu wa huku akipewa siku hizo anazipeleka shambani. Anakwenda Vwawa, Itaka au Igamba kuchuma kahawa, kuvuna mahindi, kuuguza mgonjwa, kumaliza matanga. Likizo ya kwenda mahali ambapo huna shamba, huna mgonjwa na huna msiba, hiyo tunaona ni mambo ya wenye kupotea njia. Hata neno lenyewe, ranchi, lina sura nyingine kwetu. Ukisema ranchi, mtu wa Songwe anafikiria Kalambo kule Rukwa, au Kongwa mkoani Dodoma: ng'ombe, josho na seng'enge. Nani aende kustarehe kwenye josho?

Lakini farasi niliyekuwa namtafuta hakuwa wangu. Alikuwa wa baba.

Baba yangu ni Mnyiha, mtu mwembamba, mwenye miaka 75. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alimfuata mjomba wake kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya walowezi upande wa Iringa. Mjomba alipewa kazi ya trekta. Baba, kwa kuwa alikuwa mdogo na hakuwa na maneno mengi, alipelekwa bandani kwa farasi. Akawa saisi. Vijana wengi wa leo hawalijui neno hilo. Saisi ni mtunza farasi: ndiye anayemlisha, kumsugua, kumsafisha kwato, kumfunga tandiko na kumshikia hatamu bwana anapopanda na anaposhuka. Kazi hiyo baba aliifanya miaka minane.

Miaka minane, na hakupanda hata siku moja. Haikuruhusiwa. Aliwatembeza kwa kamba asubuhi na jioni, akawaogesha, akalala nao bandani walipougua. Alijua yupi anaogopa ngurumo na yupi anauma. Kupanda, wapi! Saisi alikuwa wa kutembea kwa miguu.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini kwetu hakuna farasi, nikidhani atasema ni umaskini. Akasema, "Farasi huku hakai. Huku ana adui wawili, na wote wana mabawa."

Nilikuja kusoma baadaye nikakuta mzee alikuwa sahihi kabisa. Adui wa kwanza ni mbung'o, anayeleta nagana. Ndiye aliyewafanya watu wa sehemu kubwa ya nchi hii wabebe mizigo kichwani kwa karne nyingi badala ya kuifunga juu ya mnyama. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Afrika Kusini walioongozwa na Jenerali van Deventer walishuka hadi Kondoa Irangi wakiwa juu ya farasi kuwafukuza Wajerumani. Farasi wao walikufa kwa maelfu katika vita hiyo, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa ya wadudu.

Adui wa pili ni mdogo kuliko mbung'o. Ni usubi, kile kidudu ambacho hata ukikitazama vizuri hukioni sawasawa. Kinaleta ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia anaubeba mwilini bila kuugua, lakini farasi anaweza kuonekana mzima leo na kesho akawa maiti, povu jeupe likimtoka puani. Usubi huyo huuma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka linapochomoza, na huwa wengi mvua zinapokuwa zimenyesha sana. Siku hizi ipo chanjo. Zamani zile, silaha kubwa ya saisi ilikuwa saa: farasi waingie bandani kabla giza halijaingia, mlango ufungwe, moshi ufukizwe.

Hapo ndipo penye kidonda cha baba. Masika ya mwaka 1973 bwana wa shamba alipata wageni. Jioni wakataka kwenda kutazama machweo kutoka mlimani. Baba akasema, kwa adabu zote, kwamba saa imekwisha, farasi waingie. Akaambiwa afunge matandiko. Walirudi usiku, nyota zikiwa juu. Baada ya siku chache farasi jike mmoja mwekundu, ambaye baba alimlea tangu siku aliyozaliwa, akaanza kuhema. Alikufa kabla ya asubuhi, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya baba. Kesho yake baba alikatwa mshahara kwa uzembe.

Hakubishana. Alikunja blanketi lake akarudi Mbozi, akalima kahawa, akaoa, akatuzaa. Hadithi hii ameisimulia mara mbili tu katika maisha yangu, na mara zote mbili aliishia pale pale: "Niliwaambia saa imekwisha."

Basi, mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019, kazi yetu ni karatasi na kompyuta, na mtu ukijibana unaweza kuweka akiba kidogo. Nilijibana miaka mitatu. Nikawaza: mzee huyu kabla hajaondoka duniani apande farasi. Apande yeye, na mtu mwingine ashike hatamu.

Nilipolitoa jambo hili nyumbani, kaka yangu hakucheka kama wale wa ofisini. Yeye alikasirika.

"Nyumba ya mzee inavuja upande wa jikoni," alisema. "Hela hiyo ni mabati. Farasi atamzuia mvua?"

Kaka ana haki yake. Yeye ndiye anayekaa karibu na wazazi, yeye ndiye anayepigiwa simu usiku. Nami sikuwa na jibu la kumshinda, maana bati ni bati. Tulibishana mbele ya mzee kama vile hayupo, jinsi watoto wakubwa wanavyofanya. Kaka akasema hesabu zake, mimi nikasema zangu. Mama akasema tunywe chai. Baba alikuwa anatazama kikombe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Hao farasi mnaowasema, wanaingia bandani saa ngapi?"

Kaka alinyamaza. Kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza tena kama tutakwenda. Swali lilibaki ni wapi.

Hebu nikueleze, msomaji, kuchagua mahali pa namna hii ukiwa Tunduma si mchezo. Nilikusanya habari jioni baada ya kazi, kwa simu na kwa kusoma, nikaziandika kwenye daftari la shule. Kila Jumapili nilikuwa nampelekea baba Mbozi kama wakili anayempelekea hakimu mafaili.

Faili la kwanza lilikuwa Laikipia, nchini Kenya, maana huko ndiko kwenye sifa kubwa. Zipo ranchi pana kama Borana, ambako mgeni hupita juu ya farasi katikati ya twiga na pundamilia. Wanyama wa porini hawamkimbii sana mtu aliye juu ya farasi, tofauti na aliye kwa miguu. Picha zake, jamani, unaweza kuuza shamba. Lakini bei inahesabiwa kwa mamia ya dola kwa usiku mmoja. Tena safari ndefu za porini zinataka mtu anayejua kupanda hasa, anayeweza kumkimbiza farasi kujiokoa akikutana na tembo mwenye hasira.

Baba hakuuliza bei. Aliuliza, "Ardhi hiyo ilikuwa ya nani?"

Nikamsomea. Wamasai walihamishiwa Laikipia kwa mkataba wa mwaka 1904, wakaondolewa huko huko kwa mkataba wa mwaka 1911 ili walowezi wapate malisho. Walikwenda mahakamani mwaka 1913 na wakashindwa. Nikamsomea pia la karibu zaidi: Machi 2017, wakati wa ukame, wafugaji wenye silaha walipoingia na mifugo kwenye mashamba yale, Tristan Voorspuy, mtu aliyejulikana sana kwa kuongoza safari za farasi, alipigwa risasi akafa katika ranchi ya Sosian. Alikuwa amepanda farasi kwenda kukagua nyumba zilizochomwa.

Baba alikaa kimya muda mrefu. "Maskini," akasema. Sikujua anamsema nani. Halafu akasema, "Na farasi wake?"

Habari za farasi sikuwa nazo. Akatikisa kichwa. "Mama," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake, "mahali ambapo watu bado wanagombania nyasi, mimi siwezi kwenda kuzikanyaga kwa starehe."

Sisemi kwamba wanaopanda farasi Laikipia leo ndio waliowahamisha watu wale. Wapo wanaolinda vifaru na kuajiri vijana wa pale pale. Lakini faili lilifungwa.

Faili la pili lilikuwa Malawi, pale Kande, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mimi ndilo nililolipenda. Kwanza si mbali sana: unashuka Kyela, unavuka Kasumulu kwenye mto Songwe, unafuata ziwa kwenda kusini. Pili, wana jambo moja ambalo sikulisikia kwingine karibu na kwetu: mgeni hupanda kupita vijijini na msituni hadi ziwani, matandiko yanavuliwa, kisha farasi anaingia majini na mtu wake mgongoni, wanaogelea. Nilimsimulia baba huku nikionyesha kwa mikono.

"Farasi anaogelea," alisema baba. "Najua. Swali ni mimi."

Mzee hajui kuogelea. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Lakini baadaye akanieleza sababu yake ya kweli. Ziwani kuna joto, na penye joto na maji usubi hauishi. Hakusema kwamba watu wa kule hawatunzi farasi wao. Pengine wanawatunza vizuri kuliko yeye alivyoweza. Alisema tu kwamba akiwa pale atakuwa anatazama jua badala ya kutazama ziwa.

Likabaki faili la tatu, Mufindi. Nililiweka la mwisho makusudi. Mufindi ni karibu: Tunduma mpaka Mbeya ni kama kilomita 100, unapita Makambako, unaingia Mafinga, kisha unapanda kwenye mashamba ya chai. Ni juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa saba baridi yake inauma mifupa. Ipo huko nyumba ya wageni ambayo wageni wake wanaweza kupanda farasi kati ya chai na msitu. Hakuna simba, wala hakuna haja ya kumkimbiza farasi kujiokoa. Kwa mzee, pangefaa.

Shida ni kwamba njia ya kwenda kule inakaribia upande ule ule alikofanya kazi. Miaka yote tuliposafiri kwenda Dar es Salaam, tukifika maeneo yale baba alikuwa anafumba macho. Sisi watoto tulidhani ana usingizi.

Nikamweleza yote bila kuficha. Akasema, "Wapigie. Nitakupa maswali."

Maswali yale niliyaandika, na nayaweka hapa kwa ajili ya yeyote ambaye siku moja atataka kupanda farasi, awe wa Tunduma au wa Ulaya.

La kwanza, farasi wanaingia bandani saa ngapi. La pili, je, watakuuliza uzito wako? Wasipouliza, ondoka. Mtu pamoja na tandiko wasizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400 asibebe zaidi ya 80, na anayempandisha kila mtu bila kuuliza anawauza farasi wake kwa vipande. La tatu, omba kumwona farasi kabla hajafungwa tandiko. Tazama mgongo. Ukiona vishungi vya manyoya meupe mahali tandiko linapokaa, hapo palikuwa na vidonda. La nne, anafanya kazi saa ngapi kwa siku, na siku yake ya kupumzika ni ipi. La tano, je, wana kofia ngumu, na wanakutaka uvae kiatu chenye kisigino kidogo? Kisigino kinazuia mguu usipenye ukanasa kwenye kikuku, maana ukianguka umenasa utaburutwa.

La sita ndilo lililonishangaza. "Muulize mwenye simu jina la mtunza farasi. Kama halijui, farasi hao hawana mtu."

Mimi nilikuwa nimetazama picha, vyakula na vitanda. Katika maswali yote ya mzee halimo hata moja la kitanda.

Nilipiga simu Jumamosi, baba akiwa pembeni, sauti nimeifungulia. Dada aliyepokea alinijibu vizuri. Uzito aliuliza yeye mwenyewe kabla sijamwambia. Nilipomuuliza jina la mtunza farasi akalitaja papo hapo, akaongeza, "Yupo hapa nje, unataka kuongea naye?"

Baba aliichukua simu mkononi mwangu. Kule upande wa pili ikaja sauti ya kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye saisi?"

"Mimi ndiye natunza farasi, mzee."

"Ndiye saisi huyo. Wanaingia bandani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja mzee, jua likiwa bado lipo."

"Na wakija wageni wakubwa, wakataka kwenda kutazama jua linavyozama?"

Kijana alicheka kidogo. "Wanatembea kwa miguu, mzee. Farasi wanakuwa wameshaingia."

Baba hakusema neno. Nilimwona anameza mate. Alikaa na ile simu sikioni kama mtu anayesubiri tafsiri, halafu akauliza tena, "Hata bwana mwenyewe?"

"Hata yeye mzee. Hiyo ndiyo sheria ya hapa."

Wakaendelea kuzungumza, sijui dakika ngapi. Wakaongea habari za kwato, za pumba na za farasi mmoja mzee anayechagua nyasi. Baba aliuliza kuhusu chanjo, akaelezwa, akasema "aisee" kama mtoto. Nilitoka nje nikawaacha. Salio langu liliisha, kijana wa watu akapiga yeye.

Jioni ile baba alisema Mufindi, na mwezi uwe wa saba. Machi mpaka Mei nisimpeleke. Kaka, ambaye alikuwa amekuja na fundi kupima paa, alisema mabati atanunua yeye, kumi kwanza, mengine baada ya mavuno. Kisha akauliza kama nafasi ya mtu wa tatu ipo, kwa sababu eti lazima awepo mtu wa kumbeba mzee mabegi. Nikamwambia ipo, ajilipie.

Nimeshatuma malipo ya kwanza. Viatu vya baba tumevipata kwenye mitumba ya Nakonde, vyeusi, vyenye kisigino kidogo, na anavivaa kila jioni kuvizoeza. Bado ana sharti moja. Anasema kupanda atapanda, wala asishushwe haraka kama mgonjwa. Lakini ikifika saa kumi na moja ashuke, apewe kamba, amwingize farasi bandani yeye mwenyewe na mlango aufunge yeye.

Nimewaandikia kuhusu hilo. Wamejibu kwamba inawezekana.